Mbu na kinamasi: maswali tunayoulizwa kila tukirudisha mikoko hapa Mombasa

Tukishuka tu na miche mahali, iwe Jomvu, Mikindani, Tudor ama upande wa Port Reitz, swali la kwanza haliwi la samaki wala la pesa za kaboni, ni la mbu. Watu wanataka kujua kama tunawaletea malaria mlangoni, na wana haki ya kuuliza manake wao ndo watakaolala pale usiku, sisi tutarudi makwetu. Majibu ndo haya, mengine marefu, mengine mafupi.

Kwani kinamasi kikirudi mbu si wataongezeka?

Wanaweza kuongezeka na wanaweza kupungua, yote yategemea yale maji yanafanya nini. Mbu jike hutafuta maji yaliyotulia ili atage, na kwa joto letu la pwani, kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10 hivi. Maji yakikauka kabla ya hapo, yakisombwa na bahari ama yakiingia samaki, hakuna mbu atakayetoka hata kama mayai yalitagwa mengi vipi.

Sasa angalia bahari yetu. Huku chini kwenye aina za mikoko zinazoitwa mlilana na mkoko, maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, viluwiluwi (watoto wa mbu wa majini) havina nafasi kabisa. Shida iko juu, kule nyuma kwenye aina za mchu na kikandaa karibu na nyumba za watu, ambako maji hufika wakati wa bamvua (bahari ikijaa sana) peke yake. Bamvua likishapita yanabaki madimbwi, alafu yanakuja maji mafu (bahari ikijaa kidogo tu), na bamvua lengine ni mpaka kama wiki mbili zipite, kwa hivo dimbwi lililobaki kule juu lina muda wa kutosha kuzaa kizazi kizima cha mbu. Ndo maana mtu akituambia mikoko ina mbu tunamuuliza mikoko ya wapi, ya chini ama ya juu, manake hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Lakini maji ya chumvi si huua mbu?

La, si wote. Kuna anofelesi (jamii ya mbu wa malaria) wa pwani, Anopheles merus, yeye huzaliana kwenye maji ya chumvichumvi na anaeneza malaria pia, kama ndugu zake wa maji ya mvua.

Na kuna mwengine wa mikokoni hasa, Aedes pembaensis, anayekulia ndani ya mashimo ya kaa. Huyu ana jambo la ajabu, jike hutaga mayai juu ya kaa mwenyewe, kwenye miguu na magando, kaa akirudi shimoni kwake kwenye maji basi mayai yameshafika. Watafiti waliliandika hilo 1957. Huuma mchana, kwa hivo ukiwa unapanda miche saa nne asubuhi na unaumwa miguuni, kuna uwezekano mkubwa ni yeye. Watu wakisikia hivi huuliza kama tuzibe mashimo ya kaa, na jibu letu ni hapana, tafadhali msizibe. Kaa ndo wanaopitisha hewa na maji kwenye yale matope, ukiwamaliza mikoko yenyewe inadhoofika na utabaki na tope lililokwama, ambalo kwa mbu ni afadhali zaidi. Vaa suruali ndefu na ujipake dawa ya kufukuza mbu, inatosha.

Basi hawa wanaotuuma mtaani kila siku wanatoka wapi?

Hapa tuongee ukweli, wengi wanatoka majumbani mwetu.

Wale wa usiku wanaopiga kelele masikioni, wengi wao ni kuleksi, na kuleksi wa mjini anapenda maji machafu: mashimo ya vyoo, septiki zilizopasuka, mitaro iliyoziba kwa mifuko na pampers. Ndo mmoja wa wanaoeneza minyoo inayoleta matende na mabusha, ugonjwa ambao watu wa pwani tunaujua tangu enzi za mababu. Kule Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga vishanga vyepesi vya povu jeupe, lile la kufungia tivii mpya, juu ya maji ya mashimo ya vyoo vya kijiji. Vikaelea vikafunika maji yote, mbu hana pa kutaga na kiluwiluwi hakipati pa kuvutia hewa, na kuleksi wakapungua sana. Ni kitu rahisi na tunashangaa hapa kwetu hakitumiki zaidi.

Wale wa mchana, weusi wenye madoa meupe miguuni, ni edesi. Hao ndo wa dengi na chikungunya, na Mombasa tumeshayaona yote mawili, dengi ilitushika 2013 na chikungunya ikaja mwisho wa 2017 ikaingia 2018, watu wakawa hawawezi hata kushika kikombe kwa maumivu ya viungo. Edesi huyu wa mjini hahitaji kinamasi. Anahitaji pipa. Na mji huu maji ya mfereji yanakuja leo kesho hayapo, kwa hivo kila nyumba ina mapipa, mitungi, matangi juu ya paa, na mengi hayana vifuniko. Ongeza tairi kuukuu, makopo ya rangi, dau bovu lililopakiwa ufukoni likajaa mvua, na yale maganda ya madafu yanayotupwa chungu nzima nyuma ya kibanda. Dafu moja lililokatwa likishika maji ya mvua latosha kabisa kulea viluwiluwi.

Kisha edesi haruki mbali, mara nyingi ni ndani ya mita 100 au 200 kutoka alikozaliwa. Akikuuma sebuleni saa kumi jioni usilaumu hori (mkono wa bahari) la Tudor, zunguka nyumba yako na ya jirani.

Wa malaria, anofelesi, yuko pia lakini mjini katikati ni mchache kuliko hao wawili, ukitoka nje kwenye mashamba na madimbwi ya mvua ndo anaongezeka. Huyu ndo anaweza kutoka kwenye kinamasi kilichorudishwa vibaya, na huyu ndo sababu hatulali.

Nitajuaje viluwiluwi nilivyoona ni vya mbu gani?

Chukua bakuli jeupe ama upawa wa plastiki mweupe, usiwe wa rangi nyingine manake hutaona kitu. Nenda polepole, kivuli chako kisianguke juu ya maji, viluwiluwi vikiona kivuli vinazama. Teka pembeni kwenye majani sio katikati, alafu usitikise, subiri vije juu kuvuta hewa.

Sasa tazama vinavyokaa. Kikilala ubapa sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea, hicho ni cha anofelesi. Kikining'inia kichwa chini na mkia umegusa juu, kina kimrija cha kuvutia hewa pale mkiani, basi ni kuleksi ama edesi. Ukiona vile vilivyojikunja kama alama ya mkato na vinabingirika ukivigusa, hao ni pupa, hawali tena, na kwa kawaida siku mbili hivi watakuwa mbu kamili, kwa hivo hapo hakuna muda wa kuita mkutano.

Mnafanya nini ili mahali mnaporudisha pasizae mbu?

Kazi kubwa ni maji, sio miche. Watu wengi wanafikiri kurudisha mikoko ni kuchomeka vijiti elfu kumi kwenye matope, kupiga picha na kwenda nyumbani, na kwa maoni yetu hiyo ndo njia ya uhakika ya kupata miche iliyokufa pamoja na mbu. Kabla ya kupanda lazima mtu ajue maji yalikuwa yanapita wapi zamani na kitu gani kimeyazuia. Saa zingine ni tuta la barabara lisilo na kalvati, saa zingine ni kifusi cha mjenzi, saa zingine ni mchanga ulioletwa na mto. Kule Mwache mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi mpaka ukazika mizizi ya kupumulia na mikoko ikafa eneo kubwa. Mahali kama hapo ukipanda tu bila kuangalia udongo umekaa vipi, unapanda kwenye sahani inayoshika maji.

Kwa hivo tunafungua vifereji. Sio mitaro mikubwa ya kukausha, la, ni vifereji vidogo vya kina cha goti hata chini ya hapo, vinavyounganisha yale madimbwi ya juu na mkondo wa hori. Bamvua likija maji yaingie na samaki wadogo waingie nayo, likiondoka maji yatoke, na pale panapobaki maji kidogo samaki wamebaki ndani wanakula. Australia wanafanya hivi kwenye vinamasi vyao vya chumvi tangu miaka ya 1980 na mbu wanapungua bila kuharibu mahali. Kifereji kikiziba na majani ama na plastiki, na cha Mombasa kitaziba na plastiki tu, umerudi mwanzo, kwa hivo lazima kuwe na watu wa kukizibua kila mwezi.

Alafu kuna mashimo. Watu wamechimba udongo, wameng'oa visiki kwa ajili ya mkaa, ng'ombe wamepita wakaacha nyayo, kila shimo kama hilo ni beseni la mbu. Ya kujazwa tunajaza, ya kuunganishwa na kifereji tunaunganisha.

Na mti mahali pake. Mkoko ukiupanda juu kabisa ambako maji hayafiki utakauka, na shimo la kupandia litabaki likishika mvua. Juu ni pa mchu, mkandaa unafuata, mkoko na mlilana ni chini kwenye maji.

Jambo lengine linasahaulika, kitalu chenyewe. Unakuta kikundi kinahubiri mbu na nyuma ya kibanda kuna pipa la kumwagilizia lililo wazi na rundo la mifuko ya miche imejaa maji ya mvua. Hapo edesi wanazaliwa kwa jina la mazingira.

Samaki wanasaidia kweli ama ni hadithi?

Wanasaidia. Huko Kisii kulikuwa na mabwawa ya samaki yaliyoachwa, yakawa makao ya mbu, watafiti wakaweka tilapia kwenye baadhi na mengine wakayaacha vile vile. Matokeo yaliyotoka 2007 yalionyesha baada ya wiki 15 viluwiluwi vya anofelesi vilipungua zaidi ya asilimia 94 kwenye yale yenye samaki. Na ni samaki wa kula, kwa hivo mtu ana sababu ya kulitunza bwawa. Jambo la kushika hapo ni kwamba bwawa la samaki likiachwa bila samaki ni baya kuliko kutokuwa na bwawa.

Kwenye mikoko huhitaji kununua samaki, fungua njia tu, bahari itawaleta yenyewe. Kwenye maji baridi weka tilapia ama perege wa kwetu. Kuna watu wanauliza wale samaki wadogo wa mbu kutoka Marekani, Gambusia. Hatuwataki. Wanakula viluwiluwi ndio, lakini wanakula pia mayai ya samaki wengine na viluwiluwi vya vyura, wamevuruga mito nchi nyingi na ukishawatia huwatoi.

Na vinamasi vya maji baridi, kama kwenye machimbo yaliyoachwa?

Mfano tunao Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha simenti, jangwa tupu, na tangu 1971 René Haller akaanza kupanda mivinje na kuleta jongoo wa kumeng'enya majani yake mpaka udongo ukapatikana, baadaye kukawa na mabwawa, samaki, viboko, na leo watu wanapeleka watoto Haller Park wakidhani pamekuwa hivyo tangu zamani.

Kwa maji baridi adui ni maji ya kina kifupi yenye matete yaliyosongamana. Samaki hapiti katikati ya matete mazito, viluwiluwi vinajificha humo raha mustarehe. Kwa hivo acha sehemu kubwa iwe maji wazi na yenye kina cha kutosha samaki akae hata kiangazi, kingo ziwe za kushuka kwa kasi badala ya kutandaza maji ya kifundo cha mguu kila mahali, na matete yapunguzwe kwa zamu, upande huu sasa na ule baadaye, ndege wasikose pa kukaa. Gugu maji na takataka zinazoelea zitolewe.

Si mpige dawa tu, ile ya moshi?

Moshi unaua mbu walio hewani saa ile. Wiki ijayo wametoka wengine majini, na wewe umeua kerengende waliokuwa wanakusaidia. Kukiwa na mlipuko wa dengi na watu wa afya wakaamua kupuliza mtaani hiyo ni sawa, ni dharura, lakini kupuliza juu ya mikoko kila mara ni hasara, kaa na kamba wanadhurika na dawa zile zile za wadudu, na wavuvi wanakula kupitia hao.

Kumwaga oili chafu kwenye dimbwi je? Wazee walikuwa wanafanya.

Usimwage, tafadhali sana. Oili inaua viluwiluwi kwa kuvinyima hewa, na mikoko vile vile. Mchu unapumua kwa vile vidole vinavyochomoza kwenye matope, oili ikivipaka vinaziba na mti unakufa umesimama. Kisha oili inabaki kwenye tope miaka na miaka.

Kuna ile ya bakteria, ni salama?

Inaitwa Bti, bakteria iliyogunduliwa 1976 kwenye jangwa la Negev kule Israeli. Kiluwiluwi kinaila, sumu yake inapasua utumbo wake, basi. Samaki, kaa, ndege, mbuzi na watu haiwadhuru. Dar es Salaam waliitumia mtaa kwa mtaa kwenye mradi wao wa malaria ya mjini miaka ya 2000, na Mbita kule Ziwa Victoria ilijaribiwa ikafanya kazi vizuri.

Ila ina masharti yake. Haimdhuru pupa kwa sababu pupa hali, na nguvu yake inaisha haraka, kwa hivo ni kila wiki, na mtu awe anajua madimbwi yote yako wapi. Sisi tunaiona kama ya kusaidia mwaka wa kwanza na wa pili wakati vifereji bado vinatulia na wakati wa masika, haifai kuwa mpango mzima. Na mpitie kwa afisa wa afya wa wadi, msinunue kitu cha chupa isiyo na lebo sokoni.

Vyura na popo hawatoshi?

Hawatoshi. Popo anakula wadudu wengi lakini mbu ni sehemu ndogo tu. Wa maana zaidi ni watoto wa kerengende, wanaoishi majini na kuwinda viluwiluwi, na hao wanapenda maji yasiyo na sumu.

Si rahisi kujaza kifusi tu tumalize maneno?

Tumeliona likifanyika. Kifusi kinajaza pale, maji yanahamia nyumba ya pili, na masika ya mwezi wa tano mvua ikikutana na bamvua watu wanaamka magodoro yanaelea. Kifusi chenyewe hakikai sawa, kina mabonde, kila bonde linashika maji ya mvua yasiyo na samaki, hayo ndo anofelesi wa kawaida anayapenda hasa. Kisheria pia haikubaliki, mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932.

Mtoto ana homa na tunakaa karibu na mikoko, nimpe dawa ya malaria?

Mpeleke apimwe kwanza, mama, siku hiyo hiyo. Malaria inataka dawa yake na inaua ikicheleweshwa. Dengi inaanza karibu sawa, homa kali, macho yanauma kwa nyuma, viungo, na yenyewe haina dawa maalum, ni maji mengi na paracetamol. Kabla hajapimwa usimpe aspirini wala ibuprofeni, zinaongeza hatari ya kutoka damu kama ni dengi. Na neti ni kila usiku, hata joto la kaskazi likizidi, mama mjamzito anapewa kliniki bila malipo.

Tumeshaona viluwiluwi kwenye dimbwi la mradi, tufanye nini leo?

Kwanza vitekeni muangalie ni vya aina gani na kama kuna pupa. Dimbwi dogo, lichoteni limwagwe kwenye mchanga mkavu ama lijazwe leo leo. Dimbwi kubwa, tafuteni njia fupi ya kuliunganisha na mkondo, na kama bamvua liko siku mbili tatu mbele fungueni kifereji kabla lije, bahari ifanye kazi. Kama bamvua liko mbali na pupa wapo, mpigieni afisa wa afya wa wadi, mwambieni mahali hasa na mmeona nini, tumeni picha ya lile bakuli jeupe.

Kisha jioni hiyo hiyo pitieni nyumba zinazopakana na mradi, pipa kwa pipa. Pipa la edesi haitoshi kumwaga maji, mayai yake yamegandishwa ukutani juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu miezi yakisubiri mvua, kwa hivo sugueni kuta kwa brashi na sabuni, suuzeni, wekeni kifuniko ama kitambaa kilichofungwa kwa mpira. Wiki ijayo siku kama hiyo mrudi na bakuli lile lile, na muandike kwenye daftari mlichokuta, hata kama hamkukuta kitu.